Rubi au spineli kwa pete ya Asadi?

Swali: "Shikamoo mama. Nafanya biashara ya mchele Mbeya mjini. Mjomba wangu alinipeleka kwa mtaalamu wa nyota, akaniuliza jina langu na la mama yangu, akapiga hesabu, akasema nyota yangu ni Asadi na nivae pete ya rubi. Nimezaliwa tarehe 9 Agosti, na hata magazetini naona ni Asadi hiyohiyo. Sasa kuna dalali ameniletea mawe mawili mekundu yaliyokwisha kukatwa, yote anasema ni ya Tunduru. La kwanza ni rubi ya karati 2.1, klini, anasema haijachomwa, anataka milioni tatu na nusu. La pili ni spineli ya karati 3.4, milioni moja na laki sita. Kwa macho yangu hayana tofauti, tena la spineli ndilo linalowaka zaidi. Naomba unieleze yanatofautiana nini, na kama spineli inaweza kukaa mahali pa rubi katika mambo ya nyota."

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile ambalo hukuliuliza. Katika mawe hayo mawili, linalonitia wasiwasi ni rubi. Rubi ya karati mbili, klini, yaani safi ndani, ambayo haijaguswa na moto, ni kitu adimu duniani. Mtu aliyeishika kweli hahangaiki nayo sokoni Mwanjelwa kwa milioni tatu na nusu. Anakata tiketi ya Bangkok, kwenye soko kubwa la rubi. Bei hiyo kwangu ina maana mojawapo ya hizi: rubi imechomwa ili ipendeze, au nyufa zake zimejazwa kioo, au imetengenezwa kiwandani, au ni ganeti, jiwe jingine jekundu. Spineli kwa bei uliyoitaja haishangazi. Simwiti dalali wako mwongo, maana madalali wengi wanauza kwa jina walilouziwa, lakini usitoe hela kabla hujamaliza kusoma.

Sasa undugu wa mawe haya. Rubi ni yakuti nyekundu, na yakuti ya rangi yoyote ni alumini iliyoungana na oksijeni. Spineli ina alumini na oksijeni hizohizo, ila imeongezwa magnesiamu. Yakiwa safi kabisa, yote mawili hayana rangi. Wekundu unaletwa na kromiamu kidogo sana iliyoingia mahali pa alumini jiwe lilipokuwa linajijenga chini ya ardhi. Kwa hiyo mpakaji wa rangi ni mmoja, nyumba ni mbili, na ndiyo sababu jicho lako halikuona tofauti. Wala usijilaumu. Wafalme wa Ulaya walikaa karne nyingi bila kuiona.

Mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lile linalovaliwa bunge linapofunguliwa, kuna jiwe kubwa jekundu la karati zipatazo 170 liitwalo Rubi ya Black Prince. Mwana wa mfalme Edward alipewa jiwe hilo mwaka 1367 na Pedro wa Castile, baada ya vita vya Nájera. Ni spineli. Rubi ya Timur, iliyochorwa majina ya watawala wa Kimughali wa India, yenye karati zaidi ya 350, nayo ni spineli. Huko Ulaya mambo yalinyooka mwaka 1783, Mfaransa Jean-Baptiste Louis Romé de l'Isle alipoyatenga mawe haya kwa kupima pembe za fuwele zake. Huku mashariki walishajua kitambo. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, alitenga yakuti na jiwe jekundu la Badakhshan waliloliita la'l, na alilipima uzito wake kwa maji. La'l ndiyo spineli. Shika habari hii ya maji, tutairudia.

Fuwele za mawe haya zikiwa bado ghafi hazifanani. Yakuti hukua na pande sita, mara kama pipa, mara kama kibao bapa. Spineli hukua na nyuso nane, piramidi mbili zilizogeuziana matako, na nyingine hutoka ardhini zimenyooka utadhani zimesuguliwa. Mwaka 2007 pale Ipanko, Mahenge, zilichimbwa fuwele kubwa ajabu za spineli, moja ikipita kilo 50, na tangu hapo wanunuzi wa dunia wanaitafuta spineli ya Mahenge yenye ile rangi ya waridi inayoelekea wekundu. Sisi wa Nyanda za Juu tumepakana na utajiri huo, lakini bado ukitaja spineli mjini watu wanadhani unataja rubi ya bandia.

Tunduru nayo tuiseme vizuri. Kokoto za mto Muhuwesi na vijito vyake, ambazo watu walizikimbilia kwa maelfu miaka ya katikati ya 1990, sifa yake kubwa ni yakuti za bluu na za rangi nyingine, spineli, ganeti, na aleksandrite ile inayobadilika rangi kati ya jua na taa. Rubi zimo, ila nzuri ni chache. Kwa upande mwingine, tangu 2009 rubi nyingi zimekuwa zikitoka Montepuez, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Hivyo jiwe kuitwa la Tunduru halinipi picha kubwa. Spineli ya Tunduru naiamini haraka. Rubi ya Tunduru nitaiuliza maswali mawili zaidi.

Kwa ugumu, rubi ina 9 kwenye kipimo cha Mohs, chenye almasi juu kabisa kwa 10. Spineli ina 8. Kipimo hiki hakipandi kwa hatua zinazolingana, ila kwa pete ya mfanyabiashara wa mchele tofauti hiyo haikuhusu sana. Adui wa pete ni vumbi, na vumbi lina chembe za mchanga ambazo ni kwatzi, ugumu wake 7. Mawe yote mawili yako juu yake. Yote pia hayana tabia ya kupasuka kwa mstari ulionyooka, kama tanzanite inavyofanya ikigongwa vibaya. Hapa sina la kurefusha, ila kuna sharti moja: asitokee mtu wa kukukwaruzia jiwe kwa msasa au jiwe jingine eti anapima. Atakachopata ni kukuharibia mali.

Mambo yanaponoga ni kwenye mwanga. Mwanga ukiingia kwenye rubi hugawanyika mara mbili, kila nusu na njia yake. Ukipima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia jinsi jiwe linavyopinda mwanga, unasoma namba mbili, 1.762 na 1.770, zikipungua au kuzidi kidogo. Spineli haigawanyi mwanga. Inatoa namba moja tu, karibu na 1.718. Mtu mwenye kifaa hicho anamaliza ubishi kwa dakika mbili, na hakuna dalali anayeweza kubishana na namba.

Kugawanyika huko kunazaa jambo ambalo hata wewe unaweza kuliona. Rubi ina wekundu wa aina mbili ndani yake. Ukiitazama upande mmoja inaelekea zambarau, ukiigeuza inaelekea chungwa. Spineli ni nyekundu ileile kokote utakakoigeuza. Na hapo ndipo penye jibu la kwa nini spineli yako inawaka zaidi, ingawa kwa namba rubi ndiyo inayopinda mwanga zaidi na ilipaswa kung'aa kuliko mwenzake. Mkataji wa rubi anafungwa na pande hizo mbili: lazima aelekeze uso wa jiwe mahali wekundu mzuri unapotazama juu, na mara nyingi akiogopa kupoteza uzito analikata vibaya, likabaki na dirisha katikati, yaani unapenya kwa macho hadi kwenye kidole. Mkataji wa spineli hana shida hiyo. Ongeza kwamba spineli nyingi ni safi ndani, na kwamba inatawanya mwanga kwa rangi zake kupita rubi kidogo, 0.020 kwa 0.018, japo yote mawili yako mbali na almasi yenye 0.044. Jiwe lililokatwa vizuri hulishinda lenye cheo likakatwa ovyo.

Kuna na ule moto wa ndani. Kromiamu ikipigwa na mwanga wa kijani, wa bluu au wa urujuanimno, huurudisha ukiwa mwekundu, jiwe likaonekana lina kaa ndani. Rubi na spineli zote zinafanya hivyo. Chuma ikiwemo kwa wingi huuzima moto huo, na rubi nyingi za Msumbiji zina chuma kuliko zile za kwenye marumaru za Burma. Mbeya mpo mita kama 1,700 juu ya bahari, na urujuanimno wa jua lenu unazidi wa Dar es Salaam. Jiwe linalowaka litakupendeza sana ukilitoa nje saa tano asubuhi siku isiyo na mawingu, na madalali wanaijua saa hiyo. Wewe litazame pia jioni, ndani, chini ya taa ya LED ya kawaida. Kama bado unalipenda, basi unalipenda kweli.

Haya, vipimo vya kufanya mwenyewe kabla hujasafiri kwenda popote.

Cha kwanza ni kile cha al-Biruni. Mwombe sonara unayemwamini mizani ya kupimia karati, inayosoma hadi 0.01 ya karati. Mizani ya dhahabu inayoishia 0.01 ya gramu haitoshi kwa mawe madogo hivi, itakudanganya. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Chukua kikombe kidogo cha plastiki, kile kinachokuja na dawa ya kikohozi kinafaa kama mizani inabeba uzito wake, tia maji, weka juu ya mizani, kisha bonyeza isome sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba kabisa, lizamishe lote majini likiwa linaning'inia, lisiguse chini wala pembeni, na viputo vya hewa visiling'ang'anie. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawa uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo.

Rubi hutoa 4.00, spineli 3.60. Kwa mawe yako hesabu inakuja hivi: la karati 2.10, kama ni yakuti, mizani isome kama 0.52 au 0.53. La karati 3.40, kama ni spineli, isome 0.94 au 0.95, kama ingekuwa yakuti ingesoma 0.85. Kwa spineli jibu litakuwa wazi. Kwa rubi hiyo kuna mtego, maana ganeti ile nyekundu ya zambarau hukaa kwenye 3.84 hivi na ingesoma 0.55, na mkono ukitetemeka kidogo huwezi kutenganisha 0.53 na 0.55. Rudia mara kadhaa, kisha nenda kipimo cha pili.

Kwa njia, tofauti hiyo ya uzito ina faida kwa mnunuzi. Kwa karati zilezile, spineli ina ujazo unaozidi wa rubi kwa kama sehemu moja ya kumi. Unanunua karati, lakini watu wanaona ukubwa.

Cha pili kinahitaji kompyuta ya mapajani na miwani ya jua ile ya polaroidi, ya kweli. Washa kioo cha kompyuta kiwe cheupe kitupu. Tazama kioo kupitia miwani huku ukiizungusha mpaka kioo kigeuke giza. Ishikilie hapohapo, weka jiwe kati ya kioo na miwani, na uligeuze polepole mzunguko mzima. Rubi itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mara nne. Spineli itabaki giza, na ganeti vilevile, na kioo kilichokatwa kama jiwe vilevile, ingawa baadhi hutoa vivuli vya hapa na pale visivyo na utaratibu. Fanya jiwe likiwa limelala kwa upande mmoja, halafu lilaze kwa pande nyingine mbili, kwa sababu rubi ina mwelekeo mmoja ambao nayo hubaki giza. Jiwe la karati 2.1 likikataa kuwaka kwa pande zote tatu, usinunue kwa jina la rubi, hata aape.

Cha tatu ni ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Chumbani, gizani, rubi na spineli zenye kromiamu huwaka wekundu. Ganeti hulala kama mkaa baridi. Kipimo hiki hakitenganishi rubi na spineli, kazi yake ni kumfukuza ganeti mlangoni.

Kilichobaki ndicho kigumu: kiwanda na kioo. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini kwa moto na kuotesha rubi kwa saa chache. Rubi ya Verneuil ni rubi kwa kila namba niliyokupa: uzito uleule, mwanga uleule, itawaka na kuzima vilevile kwenye kompyuta. Pete nyingi za kizamani zenye "rubi" kubwa isiyo na doa ni za huko. Watu wasio na haya huvunja vipande vya mawe ya kiwandani, wakavisugua na mchanga, wakavipeleka machimboni kuviuza kama mawe ghafi, na mnunuzi anaamini kwa sababu amelikuta porini. Kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10, rubi ya kiwanda huonyesha mistari iliyopinda kama upinde na viputo vya duara. Rubi ya ardhini hupata nyuzi fupi nyembamba zinazokatizana kwa pembe, ukungu wa hariri, au fuwele ndogo zilizonaswa. Spineli ya asili mara nyingi ina vijipiramidi vidogo vidogo vimepanga foleni. Usafi uliopitiliza katika rubi ya bei nafuu ni habari mbaya.

Na rubi zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi zilianza kumwagika sokoni kama mwaka 2004. Wanachukua jiwe duni lililojaa nyufa, wanapenyeza kioo, linatoka linang'aa. Ukiligeuzageuza chini ya taa kwa lenzi utaona mmeremeto wa bluu ukipita kwenye nyufa, na viputo vilivyolala bapa. Hata maji ya limau yakikaa juu yake yanakula kile kioo. Kuchoma kwa moto pekee si dhambi, biashara nzima ya rubi inajua, mradi useme. Kujaza kioo ni jambo jingine kabisa, na bei yake inapaswa kuwa ndogo sana. Spineli imeponea vurugu hizi: nyingi zinauzwa zilivyotoka ardhini, kwa sababu moto hauiongezei cha maana.

Tuje kwenye nyota. Mimi ni mtu wa vipimo, na sijawahi kuona kipimo kinachoonyesha jiwe linaleta wateja wa mchele. Lakini uliuliza kwa mujibu wa elimu ya nyota yenyewe, na elimu hiyo ina kanuni zake, kwa hiyo nitakujibu kwa kanuni zake.

Asadi ni nyumba ya Jua, na rubi ni jiwe la Jua. Hapo mtaalamu wako hakukosea. Tatizo ni kujua kama wewe ni Asadi. Njia aliyotumia ni ya abjadi: herufi za jina lako na la mama yako zinageuzwa namba, zinajumlishwa, zinakatwa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota. Tarehe ya kuzaliwa haimo. Njia ya magazetini inaangalia Jua lilikuwa wapi siku uliyozaliwa, na kwa hesabu yao kuanzia kama tarehe 23 Julai hadi 22 Agosti ni Asadi. Umebahatika njia mbili zimekutana. Ya tatu haikutani nazo. Wahindi, ambao ndio hasa wenye utaratibu mrefu wa pete za mawe, wanahesabu kwa kufuata nyota zenyewe zilivyo angani, na kwa sababu mhimili wa dunia unayumba polepole, kalenda yao imeachana na ile ya magazetini kwa nyuzi kama 24. Kwao Jua huingia Asadi tarehe 17 Agosti hivi. Tarehe 9 Agosti Jua lako lilikuwa Saratani, nyumba ya Mwezi, na jiwe la Mwezi ni lulu. Tena wao hawampi mtu jiwe kwa Jua peke yake. Wanataka saa na mahali ulipozaliwa, wapate nyota iliyokuwa ikichomoza. Mtaalamu akikuambia nyota yako, muulize anatumia hesabu ipi. Mwenye elimu hatachukia swali hilo.

Je, spineli inakaa mahali pa rubi? Kwa Wahindi, ndiyo, kwa daraja la pili. Mawe makuu yako tisa, kila moja na mtawala wake wa angani, na kila jiwe kuu lina wasaidizi kwa asiyeweza kulinunua. Spineli nyekundu na ganeti hutajwa kama wasaidizi wa rubi. Sharti lao kubwa ni kwamba jiwe liwe la asili na lisiwe na ufa wala dosari inayoonekana, na wengi wao wanakataa jiwe lililotiwa dawa. Sasa pima mwenyewe: rubi iliyojazwa kioo, ambayo ni nyufa tupu, na spineli safi isiyoguswa. Kwa kanuni zao wenyewe, ipi itapita?

Kwa Wamarekani swali limeshajibiwa kwa namna ya kibiashara. Orodha ya mawe ya miezi inayozunguka kwenye simu za watu ilipangwa mwaka 1912 na chama cha masonara wa Marekani. Julai wakaipa rubi. Agosti ilikuwa na peridoti, jiwe la kijani, na mwaka 2016 wakaiongezea spineli. Wewe wa tarehe 9 Agosti, kwa orodha hiyo jiwe lako ni spineli moja kwa moja. Sikuambii uiamini sana orodha iliyopangwa na watu wenye duka, ila usidanganywe pia kwamba imeshuka na malaika. Wazo la mawe kumi na mawili lenyewe ni la kale, lipo kwenye kifuko cha kifuani cha Haruni katika Kutoka sura ya 28, na Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, katika karne ya kwanza ndiye aliyeyahusisha mawe hayo na miezi kumi na miwili. Nalisema hili kwa sababu najua Mbeya kuna Wamoraviani na Walutheri watakaokusema kwa kuvaa pete ya nyota. Hiyo ni kati yako na mchungaji wako.

Upande wa falaki ya pwani, hoja ni ngumu zaidi kwa spineli, na sitaificha. Wanachuoni wao walijua yakuti ni yakuti na la'l ni la'l. Mtu anayefuata vitabu hivyo kwa herufi anaweza kukuambia spineli si yakuti, na atakuwa na haki. Lakini mtu huyohuyo hawezi kukubali ganeti wala jiwe la kiwanda, na hapo ndipo wengi wanaouza pete za nyota wananyamaza.

Basi mimi ningefanya hivi. Mwambie dalali unataka mawe yote mawili yapimwe kabla ya malipo, gharama uchangie, na yeye awepo. Kituo cha Jemolojia Tanzania, yaani cha elimu ya vito, kipo Arusha, na hata mwanajemolojia mmoja mwenye refraktomita na hadubini anatosha kwa kuanzia. Mwombe leseni yake ya udalali na uhakikishe utapata risiti. Madini yasiyo na karatasi ni mzigo kwa anayekutwa nayo, ambaye atakuwa wewe. Akigoma kupima rubi lakini akakubali kupima spineli, umeshajibiwa.

Spineli ikipita, inunue, na ujaribu kuishusha kidogo kwa sababu hana wanunuzi wengi wa spineli Mbeya. Kama mtaalamu wako anasisitiza rubi na moyo wako unataka rubi, hela hiyo inaweza kukupa rubi ya kweli iliyochomwa, chini ya karati moja, yenye cheti kinachosema hivyo. Itakuwa ndogo. Kubwa, klini, haijachomwa na nafuu havikai kwenye jiwe moja.

Wenye mambo ya Jua wanataka dhahabu, kidole cha pete, ivaliwe kwanza Jumapili asubuhi, na chini ya jiwe paachwe wazi ili liguse ngozi. Sonara hatapata shida na hilo. Mwambie tu atengeneze na kusafisha pete yote kwanza, jiwe aliweke mwisho, na asilipitishie moto likiwa na boraksi, ile dawa ya kuungia, kwa sababu boraksi ya moto hula uso wa rubi, na jiwe lolote likitolewa motoni na kutumbukizwa majini linaweza kupasuka. Kama kuna kuungia baadaye, hata kupanua kidole, alitoe jiwe kwanza.